Genge si kijiwe

Juzi kwenye mkutano wa mtaa hapa Tabora mzee mmoja alisimama kulalamikia "genge" linalokaa karibu na kisima. Kuuliza ni akina nani, kumbe ni vijana wanne wa bodaboda na drafti yao ya vizibo vya soda. Hii ni mara ya tatu mwaka huu nasikia hivyo.

Genge la uhalifu, kwa kifupi, ni kundi lenye jina, lenye eneo linalolidai kuwa lake, na lenye kundi hasimu. Basi.

Neno lenyewe halikuzaliwa na mapanga. Kwa Waingereza wa kale "gang" ilikuwa mwendo, kwenda. Ikaja kuwa watu wanaokwenda kazini pamoja, na wahalifu wakaidandia baadaye, karne ya 17. Mtu wa Tabora asishangae: sisi kutoka safari tumepata msafara, na mji huu ulikuzwa na misafara ya wapagazi. Kwetu genge likashika reli. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Alipokuja Mwingereza, genge likawa wale wanaotunza kipande cha njia, na nyapara wao, na nyundo, na mataruma. Hakuna aliyefunga mlango akiwaona. Kisha kuna genge la nyanya na vitunguu, ambalo nadhani ni mtoto wa hilo hilo, maana palipo na wafanyakazi hapakosi mama wa kuwauzia chakula. (Genge la poromoko la mlima tuliache, hilo lina kwao.)

Kinachoniudhi zaidi ni kusahau hilo neno hasimu. Frederic Thrasher, mwanasosholojia wa Marekani aliyehesabu magenge 1,313 ya Chicago na kutoa matokeo mwaka 1927, alisema wazi kwamba vikundi hivi huanza vyenyewe, watoto wa mtaa wakicheza, na ugomvi ndio unaovikaza. Ukiondoa ugomvi, wengi wangekua, wakaoa, wakatawanyika.

Tazama Los Angeles. Genge liitwalo Crips lilianzishwa huko mwishoni mwa miaka ya 1960 na kijana aitwaye Raymond Washington. Mwaka 1971 akaungana na kijana mwenzake, Stanley Williams, kundi likatapakaa mitaani. Waliochoka kuonewa nao, wakiwemo kundi la Piru wa Compton, mji jirani, wakaungana mwaka 1972, wakawa Bloods. Yaani kundi la pili lilizaliwa kwa sababu ya la kwanza! Crips rangi yao bluu, Bloods nyekundu. Viwanda vilivyokuwa vikiajiri baba zao vikafungwa, kokeini ya kuvuta ikaingia miaka ya 1980 na fedha zake, na bunduki zikafuata fedha. Ugomvi wa mtaa na mtaa ukawa ugomvi wa soko.

Sasa mzee wangu, shikamoo, wale wanne wa kisimani wana hasimu gani? Wa Isevya, kata nyingine ya hapa Tabora, hawajawahi kuja kuwapiga, na wao hawana jina hata moja la kundi, isipokuwa lile ulilowapa wewe mkutanoni. Hicho ni kijiwe. Ukitaka kuwashitaki kwa kelele za usiku, washitaki kwa kelele, nitakuunga mkono. Genge lipo kweli pale kisimani, lakini ni la yule mama mwenye mwavuli, na nyanya zake jana zilikuwa nzuri.