Rathen na Mabonde Yake: Kijiji cha Kando ya Mto Elbe

Rathen ni kijiji kidogo cha jimbo la Saxony nchini Ujerumani, kusini-mashariki mwa mji wa Dresden, ambacho mto Elbe umekigawa sehemu mbili bila daraja la kuziunganisha. Treni husimama ng'ambo ya kushoto, na anayetaka kufika upande wa kulia, chini ya majabali, hupanda kivuko kinachosukumwa na mkondo wa mto wenyewe. Kivuko hicho kimefungwa kwa waya mrefu wa chuma uliotiwa nanga upande wa juu wa mto. Mwendeshaji akikigeuza kikae mshazari, maji hukigonga ubavuni na kukipeleka ng'ambo. Kwa kuwa kazi yangu ni jiografia ya maumbile, huwaomba ninaowaongoza wautazame waya huo unavyokaza, kwani nguvu ya maji ndiyo iliyoyachonga mengi tunayokwenda kuyaona.

Majabali haya ni mchanga uliorundikana chini ya bahari ya kale, takribani miaka milioni 100 hadi 90 iliyopita, ukashikamana ukawa mawe. Baadaye ardhi iliinuka, miamba ikapasuka kwa nyufa za wima, na maji yaliyopenya humo yakaacha minara kama ile ya Bastei, iliyoko mita 194 juu ya mto. Daraja la mawe linaloiunganisha lilijengwa mwaka 1851 badala ya lile la mbao la mwaka 1826. Wageni wengi hulifikia kutoka maegesho ya magari yaliyo juu, wakapiga picha na kuondoka. Naamini hao wamekosa sehemu iliyo bora, nayo ni njia ya miguu kutoka kijijini.

Jiwe la mchanga likilowa hupungua nguvu, na ndiyo sababu ni mwiko kukwea minara hii baada ya mvua. Hata ncha ya mwamba wa Bastei, waliposimama watazamaji vizazi na vizazi, ilidhoofika kiasi cha kufungwa, na tangu mwaka 2023 watu husimama juu ya jukwaa jipya lisiloielemea.

Kutoka Bastei mimi huteremkia Schwedenlöcher, korongo jembamba lenye ngazi takribani 700, ambamo wakulima walijificha dhidi ya askari wa Sweden katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyopiganwa Ulaya karne ya 17. Humo utajifunza jambo ambalo ramani haikuonyeshi. Kwa kawaida baridi huongezeka kadiri unavyopanda mlima. Hapa mambo ni kinyume, kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hutuama korongoni, na jua halifiki kuipasha moto. Juu, penye mchanga mkavu, huota misonobari inayostahimili kiu. Chini, kuta zimevaa kuvumwani na kangaga, pamoja na mimea ambayo kwingineko ingeitafuta milima mirefu zaidi. Gusa ukuta kwa kiganja wakati wa kiangazi, nawe utausikia ubaridi na unyevu wake.

Hifadhi ya Taifa inayoyalinda mabonde haya ilianzishwa mwaka 1990. Tangu ukame wa mwaka 2018, wadudu wanaotoboa magome wameua misprusi mingi, miti ya jamii ya msonobari, na sehemu kubwa imeachwa ilipo ili msitu ujirudishie wenyewe miti mchanganyiko. Nauunga mkono uamuzi huo, ijapokuwa unamtaka mgeni awe mwangalifu: miti iliyokauka huanguka bila onyo, kwa hiyo siku ya upepo mkali usiingie korongoni, ahirisha safari mpaka upepo utulie.