Kabla hujaongeza RAM: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kompyuta ya nyumbani ikianza kujikokota, ushauri wa kwanza mtu anaopewa ni "ongeza RAM", yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka inachokitumia sasa hivi. Wakati mwingine ni ushauri sahihi kabisa. Wakati mwingine ni pesa iliyopotea na uzito umebaki palepale. Jibu lipo ndani ya mashine yenyewe, na kulisoma ni kazi ya dakika tano.

"Kompyuta nzito dawa yake ni RAM"

Inategemea nini kimeifanya nzito. Fungua kwa pamoja kila unachokitumia siku ya kazi nyingi: kivinjari na vichupo vyake vyote, jedwali la hesabu, simu ya video. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha Memory, utazame namba ya Available, yaani RAM iliyobaki kwa matumizi.

Chukua mashine ya GB 8. Ikiwa Available imebaki GB 0.5, na kila ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine skrini inaganda sekunde kadhaa huku Disk ikipanda hadi 100%, basi RAM imekwisha. Windows inahamishia data kwenye diski na kuirudisha, na diski ni polepole mno kuliko RAM. Hapo ongeza, utaiona tofauti siku hiyohiyo.

Lakini mashine hiyohiyo ikiwa na Available ya GB 3 na bado inasuasua, RAM haina kosa. Kama Disk iko 100% na diski ni ile ya kuzunguka, weka SSD, diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka. Kwa kompyuta nyingi za zamani hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Kama ni CPU (prosesa) iliyofika 100%, tafuta programu inayoila, au safisha vumbi kwenye feni, kwa sababu prosesa ikipata joto sana hujipunguzia kasi.

"RAM ikikaribia kujaa ni hatari"

RAM iliyokaa bure haikusaidii chochote, ndiyo maana mfumo huitumia kuhifadhi mafaili uliyoyafungua karibuni na kuiachia mara programu inapoihitaji. Kwenye Linux andika free -h, usome safu ya available, si ya free. Kwenye Mac fungua Activity Monitor uangalie rangi ya grafu ya Memory Pressure: kijani ni salama, nyekundu ni upungufu.

Programu za "kusafisha RAM" ziache kabisa. Namba hushuka kwa sababu data imetupwa nje ya RAM, kisha unasubiri irudishwe.

"Nina memori ya GB 256, inatosha"

Hiyo ni nafasi ya diski. Kufuta picha na video hakuongezi RAM hata kidogo.

"RAM yoyote itaingia"

Hapa ndipo watu wengi hununua kisichofaa. DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi tofauti vya RAM, na haziingiliani. Vijiti, yaani vibao vyembamba vya RAM, vya DDR4 na DDR5 vya kompyuta ya mezani vyote vina pini 288, lakini pengo katikati ya meno liko mahali tofauti, kwa hiyo kikikataa kuingia usikilazimishe. Laptopu hutumia kijiti kifupi kiitwacho SODIMM. Na DDR3 ina aina mbili za umeme: volti 1.5, na DDR3L ya volti 1.35. Laptopu iliyotengenezwa kwa DDR3L pekee inaweza kugoma kuwaka ukiiwekea ya 1.5.

Kwenye ukurasa uleule wa Memory wa Windows soma Slots used (sloti, yaani nafasi za vijiti, zilizotumika) na Form factor (umbo la RAM). Ukiona "Row of chips", RAM imechomelewa kwenye madabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Laptopu nyingine zilizochomelewa zina sloti moja ya ziada, nyingi hazina, kwa hiyo tafuta modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji uone pia kiwango cha juu inachokubali. Windows ya biti 32 haivuki GB 4. Huko kuongeza hakuna maana mpaka uweke ya biti 64.

"Ukichanganya vijiti vitaharibika"

Haviharibiki. Vya kasi tofauti kwa kawaida hufanya kazi kwa kasi ya kilicho polepole. Vya ukubwa tofauti, kwa mfano GB 4 na GB 8, mara nyingi navyo hukubaliana, ila sehemu ya RAM tu ndiyo inayofaidi njia mbili za data kwa pamoja. Vijiti viwili vinavyolingana ndivyo bora, hasa kama grafiksi inatumia RAM ya kompyuta.

"Nimeweka, skrini nyeusi, basi imeungua"

Karibu kila mara kijiti hakijakaa. Zima, chomoa umeme, tenganisha betri ya laptopu kama unaifikia, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache, kisha gusa chuma kumaliza umeme tuli mwilini. Kwenye kompyuta ya mezani sukuma kijiti wima mpaka vibanio vifunge kwa sauti ya "tak". Kwenye laptopu kiingize kwa mshazari, meno yote yazame, ndipo ukilaze. Mashine za DDR5 zinaweza kukaa dakika kadhaa bila picha mara ya kwanza zinapoipima RAM mpya, usizime haraka.

Ikiwaka, tafuta mdsched kwenye Windows ufanye jaribio la RAM. Ukipata kosa hata moja, jaribu kijiti kimoja kimoja, na kinachorudia kosa kwenye kila sloti kirudishe dukani.