23, 28 na akili ya ndani

Safari hii ni 23. Msomaji ananiandikia kwamba namba hiyo inamfuata hadi ndotoni, kwa hiyo akili yake ya ndani inamtumia ujumbe kwa hisabati. Jamani! Hoja hii nimeijibu mpaka nimechoka, ila 23 ina kisa chake.

Wilhelm Fliess, daktari wa pua na koo huko Berlin na rafiki wa Sigmund Freud (baba wa uchambuzi wa nafsi), aliamini maisha yetu yanaendeshwa na mizunguko miwili: wa siku 28 kwa wanawake na wa siku 23 kwa wanaume. Alijumlisha, akatoa, akazidisha, na kila tarehe ya ugonjwa au kifo ikakubali. Freud naye akaingiwa na hofu kwamba atakufa na miaka 51, maana 23 + 28 ni 51.

Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kabisa inayogawa zote mbili bila baki) ya 23 na 28 ni 1. Basi, kazi imekwisha! 23 × 11 ni 253, 28 × 9 ni 252. Toa, inabaki 1. Ukishaipata 1, zidisha kwa chochote upate namba kamili yoyote uitakayo. Freud alifariki mwaka 1939 akiwa na miaka 83. Inakubali? 28 × 12 toa 23 × 11: hiyo hapo, 83. Nitajie umri wa paka wako, nao nitakupa. Tumia 5 na 8, au 10 na 21, mambo ni yaleyale. Fliess hakukosea kwa sababu hakukuwa na namna ya kukosea.

Ya mwanasaikolojia Carl Jung na 4 kama alama ya ukamilifu nayapita haraka: vitu vinne jicho huvitambua bila kuvihesabu. Hilo linaeleza mengi, si yote.

Anayeninyima usingizi ni Henri Poincaré, mwanahisabati wa Ufaransa. Alikuwa Coutances, hisabati kaiweka kando, akakanyaga ngazi ya basi la farasi, na papo hapo akaona kwamba mageuzo aliyoyatumia kufafanua fanksheni za Fuchs (aina ya fanksheni alizokuwa akizichunguza) ndiyo yaleyale ya jiometri isiyo ya Euclid, ile isiyofuata kanuni zote za jiometri ya shuleni. Kuna kitu kilikuwa kikichapa kazi bila yeye kujua, kikachagua uhusiano sahihi katikati ya lundo la mahusiano mabovu. Kilichaguaje? Mwenyewe alisema ni hisia ya uzuri. Siridhiki, na jibu bora sina. Lakini hakuletewa namba ya bahati. Aliletewa dai linaloweza kuwa la uongo, na aliporudi Caen akaketi akalihakiki.