Si kila mstari ulionyooka ni uwiano

Vitu viwili vina uwiano pale ambapo kugawanya kimoja kwa kingine hutoa jibu lilelile kila mara. Kilo 2 za sukari kwa shilingi 6,000, kilo 5 kwa 15,000: gawanya, unapata 3,000 zote mbili. Kwa herufi, y = kx, ambapo k ni jibu hilo lisilobadilika. Maana yake imeishia hapo.

Shida ni kwamba neno hili sasa linabandikwa kwenye chochote kinachopanda pamoja na kingine. Eneo la mraba hupanda ubavu wake unapopanda, lakini kwa ubavu wa 1, 2, 3, 4 eneo ni 1, 4, 9, 16. Hiyo ni polinomia ya digrii ya pili, yaani ubavu unazidishwa kwa wenyewe, na grafu yake hainyooki hata kidogo. Kosa hili wengi huliona wakichora.

Lisiloonekana upesi ni la y = mx + c, ambapo m ni kinachoongezeka kwa kila x moja na c ni kiasi cha kuanzia. Grafu imenyooka, digrii ni ya kwanza, na mtu anatangaza uwiano. Tuseme fundi anatoza 5,000 ya kufika tu, kisha 3,000 kwa kila saa. Saa 2 ni 11,000. Anayedhani ni uwiano atagawanya, apate 5,500 kwa saa, halafu aandae 22,000 kwa saa 4. Bili halisi ni 17,000. Kilichozidi ni 5,000, ile ile ya kufika, kwa sababu ameihesabu mara mbili. Akikadiria saa 10 kwa njia hiyo atazidisha 20,000, maana 5,000 itakuwa imehesabiwa mara tano badala ya moja.

Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Chukua viwili, toa, ndipo ugawanye: (17,000 − 11,000) ÷ (4 − 2) = 3,000, huo ndio mwinamo, yaani m. Rudi kwenye 11,000, ondoa 6,000 za saa mbili. Kinachobaki ni c. Kikiwa sifuri, mstari unapita kwenye (0, 0) na uwiano upo. Kisipokuwa sifuri, haupo, hata mstari unyooke namna gani. Kinachowiana hapo ni mabadiliko ya y na mabadiliko ya x, si y na x zenyewe.

Kuchanganya hayo mawili huharibu hata habari za hali ya hewa. Kanuni ya kugeuza Selsiasi (C) kuwa Farenhaiti (F) ni F = 1.8C + 32. Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 yanataja ongezeko la joto la nyuzi 1.5 za Selsiasi. Anayeiingiza 1.5 kwenye kanuni nzima anapata 34.7, jambo la kutisha. Ongezeko halibebi ile 32. Jibu ni nyuzi 2.7 za Farenhaiti.

Uwiano kinyume nao unaonewa vivyo hivyo. Tangi la lita 1,000 linalopungua lita 50 kila siku lina mstari unaoshuka, basi. Siku ya 2 zimebaki 900, siku ya 4 zimebaki 800. Ingekuwa uwiano kinyume, siku zikiwa maradufu lita zingebaki nusu, yaani 450, na kuzidisha siku kwa lita kungetoa namba isiyobadilika.

Neno linalofaa kwa y = mx + c ni uhusiano mnyoofu. Kila uwiano wa moja kwa moja ni uhusiano mnyoofu. Kinyume chake si kweli. Na anayesema nyuzi 40 za Selsiasi ni joto maradufu ya nyuzi 20, aombwe kwa upole ahamie kipimo cha Kelvin, ambacho sifuri yake ni sifuri kweli: 293.15 imekuwa 313.15, ongezeko lisilofika asilimia 7.