Je, wajua kwanini jela ndiyo iliyoiokoa abasia ya Fontevraud?

Miaka ya 1850 ungeingia kanisa la Fontevraud, kule magharibi mwa Ufaransa karibu na mto Loire, usingejua kama ni kanisa. Ndani lilikuwa limekatwa ghorofa juu ya ghorofa na humo wanalala wafungwa. Leo kanisa hilohilo liko wazi mpaka juu na watu wanakaa humo kusikiliza muziki. Sasa inakuwaje nyumba ya watawa igeuke jela halafu ije kuwa nyumba ya sanaa, na bado isimame?

Tuanzie mwanzo kidogo. Abasia ni makao ya watawa, na kwa wanaoijua Peramiho au Ndanda kule kusini mwa Tanzania, ni kama kijiji kamili, kuna kanisa, pa kulala, pa kulia chakula, bustani, karakana. Fontevraud ilianzishwa 1101 na mhubiri Robert d'Arbrissel, na cha ajabu kwa zama zile ni kwamba wanaume na wanawake wote waliokuwa humo walikuwa chini ya mama mkuu, mwanamke, na walipokezana akina mama 36 mpaka mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja. Serikali ikataifisha mali za kanisa, 1792 mama mkuu wa mwisho akaondoka.

Hapo ndipo abasia nyingi za Ufaransa zilipokufa, maana zikiuzwa wanunuzi walikuwa wanabomoa na kuuza mawe tu. Fontevraud ikapona kwasababu 1804 Napoleon aliamua iwe gereza. Na ukifikiria vizuri utaona kwanini, jengo lililojengwa kwa ajili ya mamia ya watu kula pamoja, kulala pamoja na kufuata ratiba moja ndani ya ukuta mmoja, jela inaingia humo bila kuhangaika sana. Jela ikaumiza, hilo lazima lisemwe, hata kuba za juu ya kanisa zilibomolewa ili kupata nafasi ya ghorofa, zikaja kujengwa upya mwanzoni mwa karne ya 20, na mateso ya watu waliofungwa mle kwa karibu miaka 150 sio kitu cha kupita juu juu. Lakini paa lilikuwa linazibwa likivuja na kuta hazikuuzwa. Mombasa tunaijua hadithi hii, Fort Jesus nayo ilikuwa gereza kuanzia 1895 mpaka 1958, kisha 1960 ikafunguliwa kama makumbusho.

Basi sifa zilezile ndo zinaifanya abasia ifae sanaa. Kanisa la mawe lenye kuba linarudisha sauti taratibu, kwaya ikiimba humo sauti inabaki hewani. Vyumba viko tele kwahiyo msanii anaweza kuja akakaa akafanya kazi, waandishi wa filamu za katuni kwa mfano wanapokelewa pale. Majengo ya Saint-Lazare, sehemu mojawapo ya abasia, sasa ni hoteli, na 2021 likafunguliwa jumba la sanaa ya kisasa. Binafsi ningeenda kwanza jikoni, jiko la kale lenye paa la mawe yaliyopangwa kama magamba ya samaki, mabomba ya moshi yamechomoza kila upande. Halafu ningerudi kanisani kumwangalia malkia Eleanor wa Aquitaine, sanamu yake ya kaburini imelala, mikononi kashika kitabu wazi anasoma, pembeni yuko mumewe Henry II na mwanawe Richard, wote wafalme wa Uingereza.

Gereza lilifungwa rasmi 1963 na kituo cha utamaduni kikaanza 1975, ila wafungwa wachache walibakizwa kubomoa vyumba vya jela na kutunza bustani, wa mwisho wakaondoka 1985. Yani kwa miaka kama kumi wasanii walikuwa wanafika pale huku wafungwa bado wanaangusha kuta zilizokuwa zimewafungia.