Saitokini: namna kinga ya mwili inavyoufikishia ubongo habari

Aliyewahi kuugua malaria anaijua ile saa. Jua la mchana linawaka nje, naye amejifunika blanketi mbili, meno yanagongana. Akiletewa chakula, harufu tu inamchefua. Viungo vinauma, hataki kusemeshwa. Tunasema malaria imemlaza. Kumbe aliyemlaza, kwa sehemu kubwa, ni ubongo wake mwenyewe, baada ya kupata habari kutoka kwa kinga ya mwili.

Habari hiyo hubebwa na saitokini: protini ndogo ambazo seli, hasa za kinga, hutoa ili kuzishtua seli nyingine. Kwenye homa zinatajwa sana tatu kati yake: intalukini-1, intalukini-6 na TNF. Vimelea vikipasua chembe nyekundu za damu na kutoka, mabaki yake humwagika kwenye damu, seli nyeupe huyatambua, na saitokini hutolewa kwa wingi.

Ila kuingia ubongoni si rahisi. Kuta za mishipa midogo ya damu huko zimebana sana, protini hazipiti ovyo. Basi seli za kuta zenyewe hupokea saitokini upande wa damu, kisha hutengeneza prostaglandini, kemikali inayopenya hadi haipothalamasi, sehemu inayosimamia joto la mwili. Kiwango cha joto ambacho ubongo unautaka mwili ufikie kinapandishwa. Kikiwekwa nyuzi 39, mwili wenye nyuzi 37 hujiona uko kwenye baridi, ndipo mtu anatetemeka ili ajipashe moto. Parasetamoli hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kwa hiyo homa hushuka. Vimelea havijaguswa. Tafadhali, homa ikishuka usiache kwenda kupima. Wengi wamechelewa matibabu kwa sababu ya nafuu ya saa chache.

Njia nyingine ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi kifuani na tumboni. Nyuzi zake nyingi kazi yake ni kupeleka habari juu. Katika majaribio ya miaka ya 1990, panya waliokatwa neva hiyo, kisha wakadungwa tumboni kitu cha kuamsha kinga, hawakuzubaa kama wenzao ambao neva yao ilikuwa nzima.

Na ubongo nao hujibu, jambo ambalo mimi naona ndilo la ajabu kuliko yote. Mwaka 2000, mtafiti Kevin Tracey na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba vagasi ya panya ikichochewa kwa umeme, TNF katika damu hupungua. Baadaye ikajulikana kuwa amri hiyo hupitia kwenye bandama, ambako seli za kinga huambiwa zipunguze kumwaga saitokini. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, ambaye TNF humvimbisha viungo miaka nenda rudi, hiyo ni habari kubwa: mwaka 2025 Marekani iliidhinisha kifaa kidogo kinachopandikizwa shingoni, kikaichochea neva hiyo kila siku kwa muda mfupi.