Ncha ya Kaskazini inavyochelewesha hesabu ya mvua ya Nairobi

Wanafunzi wanaoanza kuandika modeli ya angahewa hapa Nairobi karibu wote hukimbilia gridi ya latitudo na longitudo, ile ya kwenye atlasi. Siwalaumu. Programu yake ni fupi kuandika, na kwenye ikweta haina matata: digrii moja ya longitudo ni kilomita 111 hivi.

Panda nayo hadi digrii 89 Kaskazini. Mistari imebanana, na digrii ileile imebaki kilomita 1.9. Hapo sharti la Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928 linauma: katika hesabu za kawaida, wimbi lisivuke zaidi ya seli moja hivi (yaani chumba kimoja cha gridi) kwa kila hatua ya wakati ambayo modeli inapiga. Mawimbi yenye kasi zaidi kwenye milinganyo ya angahewa hufikia mita 300 kwa sekunde. Seli za ikweta zingekuruhusu hatua ya dakika sita. Za karibu na ncha, sekunde sita. Saa ya modeli ni moja, kwa hiyo wingu la Ngong linasubiri barafu ya Aktiki.

Wapo wanaochuja mawimbi mafupi karibu na ncha. Mimi sipendi, maana prosesa zinazogawana kazi ya modeli zinaishia kupigiana simu kuliko kukokotoa.

Afadhali kubadili gridi yenyewe. Tangu 1968, Sadourny na wenzake walianza na umbo la nyuso 20, wakaligawa hadi likaenea tufe kwa seli zinazokaribiana ukubwa, nyingi zikiwa pembesita. Nyingi, si zote: pembetano 12 hazikwepeki, ugawe utakavyo. Chukua mpira wa zamani wa vipande vyeusi na vyeupe, uhesabu vyeusi.

Hizo 12 ndizo za kuchunga. Williamson na wenzake (1992) walitunga majaribio ya kupima modeli; la pili ni upepo uliosawazishwa, usiopaswa kubadilika hata chembe. Uendeshe siku tano za modeli, kisha chora ramani ya kosa. Ukiona madoa kwenye pembetano, gridi imejichora kwenye upepo. Kwetu, digrii 1.3 Kusini, jambo hili si la urembo: nguvu ya Coriolis, ile inayopinda upepo kwa sababu Dunia inazunguka, ni ndogo kama mara 35 kuliko London, na mvua hufuata mahali upepo unapokutana. Kosa la kukokotoa mkutano huo linageuka mvua isiyokuwepo.

Basi kabla ya kugusa fizikia ya mawingu, ongeza seli, urudie jaribio. Madoa yasipofifia, fanya kama Heikes na Randall mwaka 1995: sogeza kidogo nukta za gridi, uendeshe tena.